Mulikeni Mdomo wa Mama

Lowell, Massachusetts

Wapendwa wangu wa Syokimau, pamoja nanyi majirani mliowaleta wazazi wenu kutoka Mwala na Kangundo waishi nanyi,

Nimetoka zamu ya usiku sasa hivi. Mnajua nalea wazee, kazi inayofanywa na Wakenya wengi wa mji huu. Mnajua nawaogesha na kuwageuza kitandani. Ila sijawahi kuwaambia ni muda gani wa zamu yangu unaishia vinywani mwao.

Naandika kwa sababu ya muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa. Mliniambia Mama ameukataa, anataka uji tu, mkasema ni uzee. Shemeji akasema anadeka. Nami nikaitikia, mimi ambaye kazini mzee akisukuma sahani, kwanza namulika mdomo wake! Kumbe meno ya bandia ya Mama yamelegea, yamemchubua ufizi mpaka kidonda, na majuma kadhaa hakuyavua hata usiku. Aliona haya wajukuu wamwone kibogoyo.

Na hatari haiishii kwenye kidonda. Mzee aliyedhoofika, hasa aliyewahi kupata kiharusi, huweza kupaliwa na mate yake mwenyewe usingizini asikohoe hata mara moja. Mate hayo yakiteremka na uchafu wa mdomoni hadi mapafuni, nimonia huanzia hapo. Wajapani walilipima jambo hili kwa miaka 2 katika vituo 11 vya wazee, wakachapisha matokeo mwaka 1999. Kati ya wazee waliosafishwa vinywa na wahudumu kila baada ya mlo, 11 katika kila 100 walipata nimonia. Kati ya wale ambao hawakupewa huduma hiyo, walikuwa 19. Daktari wa meno alipita mara moja kwa wiki, lakini kazi kubwa ilikuwa ya mswaki.

Msidhani huku ni peponi. Medicare, bima ya serikali kwa wazee, tangu ianzishwe 1965 hailipii huduma nyingi za kawaida za meno. Siku tukiwa wachache zamuni, mswaki ndio unaorukwa kwanza, maana shuka chafu huonekana na mdomo mchafu hufumbwa. Katika kituo kimoja nilichopitia, meno ya babu mmoja yalisombwa na mashuka hadi kwenye mashine ya kufulia, yakarudi yamepinda. Kanuni ya shirikisho ya 2016 inataka mzee aliyepoteza meno ya bandia aelekezwe kwa daktari ndani ya siku 3. Kwetu, Kifungu cha 57 cha Katiba kinasema wazee wana haki ya kutunzwa na familia na serikali. Familia imetangulizwa.

Basi msichana anayemhudumia Mama msimwachie kubahatisha. Amkalishe wima, asimpigishe mswaki akiwa amelala chali. Asimame ubavuni, atumie mswaki laini na dawa ya meno kiasi cha punje ya njegere, afike kwenye fizi na ulimi pia. Mama akikaza midomo, asilazimishwe. Apewe mswaki aushike mwenyewe, kisha mkono wake uongozwe taratibu. Meno ya bandia yavuliwe kila usiku, yasuguliwe juu ya beseni lenye maji ili yakiponyoka yasivunjike, yalale ndani ya maji baridi. Ya moto huyapinda. Na baadhi ya dawa za presha hukausha mdomo, kwa hiyo maji ya kunywa yawe karibu naye.

Mama mwenyewe anatucheka. Anasema yule nabii Syokimau aliona nyoka wa reli akitoka baharini, lakini hakuona kwamba ipo siku mtu atalala huku meno yake yako kikombeni.

Kidonda kisipopona ndani ya wiki mbili, apelekwe kwa daktari wa meno. Nauli na ada nitatuma. Jumapili nikipiga simu ya video, mtu awashe tochi. Mama atakataa, atafunika mdomo kwa leso. Mwambieni mwanawe ameshaona midomo ya Wazungu mia, anataka kuuona wa mwaitu, mama yake.