Imepungua, Imepunguzwa au Imehamishwa?

Tarehe 30 Septemba 2024 Uingereza ilizima moto wa aina mbili. Katika Nottinghamshire, Ratcliffe-on-Soar, kituo cha mwisho cha kuzalisha umeme kwa makaa ya mawe nchini humo, kilifungwa. Siku iyo hiyo huko Port Talbot, Wales, kiwanda cha feleji kilizima tanuri lake la mwisho la kuyeyushia madini ya chuma. Katika takwimu za gesi ya kaboni matukio haya ni ndugu, kwani yote mawili yanashusha tarakimu. Katika sarufi si ndugu hata kidogo.

Kila mwanafunzi wa Kiswahili anajua kwamba kupungua si kupunguza. Kitenzi cha kwanza hakidai mtenda; cha pili, kikiwa katika kauli ya kutendesha, chamdai. Viongozi wa Uingereza hujivunia kuwa gesi zinazotiwa hewani na nchi yao zimeshuka kwa takriban nusu tangu 1990, nao aghalabu huchagua kitenzi cha pili.

Wana haki kwa kiasi. Mwaka 2012 makaa ya mawe yalitoa takriban asilimia 40 ya umeme wa Uingereza; kufikia 2017 yalitoa chini ya asilimia 10. Hapo mtenda yu bayana: sheria ya tabianchi ya 2008, tozo ya kaboni iliyoanza 2013 na kuyafanya makaa kuwa ghali, pamoja na mitambo ya upepo iliyosimikwa baharini.

Ama miaka ya tisini ni kisa kingine. Umeme ulibinafsishwa, gesi ya Bahari ya Kaskazini ikapatikana kwa bei nafuu, na wawekezaji wakaikimbilia kwa ajili ya faida. Migodi ilikuwa imekwisha kudhoofika baada ya mgomo wa wachimba makaa wa 1984-85 kushindwa, na ni dhahiri kuwa waliouvunja mgomo huo hawakuwa wakiihurumia anga. Kwa kuwa gesi hutoa kaboni kidogo kuliko makaa, anga ilipata nafuu isiyokusudiwa. Huko ni kupungua.

Kipo pia kitenzi cha tatu, ambacho hotuba hukikwepa: kuhamishwa. Serikali imetenga pauni milioni 500 kwa tanuri la umeme litakaloyeyusha vyuma vikuukuu hapo Port Talbot, na ujenzi wake ulianza 2025. Likianza kazi, kauli ya kutendesha itastahiki. Wakati linapojengwa, kiwanda hutegemea mabamba ya feleji kutoka ng'ambo, zikiwamo India na Uholanzi. Kwa kanuni za kimataifa moshi huandikwa kwa nchi ulikofukia, hivyo bamba hufika Wales ilhali kaboni yake imebaki katika daftari la wengine. Ajira takriban 2,000 zilizopotea Port Talbot hazimo katika daftari lolote kati ya hayo.