Tusiuze maksai kwa dawa isiyo na ploti ya kulinganishia

KILA msimu wa mavuno unapofika Ufipa, fedha huonekana vijijini, na wanaozifuata nao huonekana. Wapo wanaokuja na vitenge, wapo wanaokuja na simu na baiskeli, na wapo wanaokuja na dawa. Siku hizi mnadani husikii dawa ya minyoo peke yake. Utasikia dawa ya presha, utaonyeshwa mashine ya kushika mkononi ambayo eti inasoma moyo, figo na ini kwa dakika moja, na utapewa tetesi kwamba wazungu wamekwisha kupata chanjo ya kumaliza saratani ya mapafu.

Ndugu mkulima, makala haya hayakusudii kumfundisha daktari kazi yake. Yanahusu uchumi wa kaya. Familia yenye jozi moja ya maksai ikiwauza ili kufuata tiba ya tetesi, msimu unaofuata hulima kwa jembe la mkono. Eneo linapungua, magunia yanapungua, na deni la mbolea linabaki pale pale. Kwa hiyo swali la "dawa hii inafanya kazi?" lina uzito sawa na swali la "mbegu hii inazaa?" Na jibu lake hupatikana kwa njia ile ile.

Mwaka 2011 nchi nzima ilipata somo. Maelfu ya watu walimiminika kijiji cha Samunge, Loliondo, kupata kikombe cha Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapila. Bei ya kikombe ilikuwa Sh500 tu, lakini nauli, chakula na siku za foleni viligharimu mara nyingi zaidi ya hapo, na vyombo vya habari viliripoti wagonjwa waliofariki dunia wakisubiri zamu. Ushuhuda ulikuwa mwingi. Kilichokosekana ni kundi la kulinganisha.

Kanuni iliyotoka shambani

Wengi tunadhani utafiti wa dawa ni jambo la wenye makoti meupe, lisilo na uhusiano wowote na jembe. Ukweli ni kwamba kanuni yake kuu ilitengenezwa shambani. Mwaka 1919 mtaalamu wa takwimu wa Uingereza, Ronald Fisher, alianza kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, kaskazini mwa London. Alikuta kumbukumbu za majaribio ya mbolea ya miaka mingi, na pia tatizo ambalo kila mkulima wa Ufipa analijua: shamba halilingani. Penye kichuguu mahindi hustawi hata bila mbolea. Kwenye mteremko uliooshwa na mvua hudumaa hata ukiiweka. Ukijaribu mbolea mpya upande wa kichuguu, utaisifu mbolea kwa kazi iliyofanywa na kichuguu.

Ufumbuzi wa Fisher ulikuwa rahisi. Gawa shamba katika ploti nyingi, kisha piga kura ploti ipi ipate mbolea na ipi ikose. Kura haina upendeleo, wala haijui kichuguu kiko wapi. Mwisho wa msimu pima mavuno ya pande zote mbili.

Kanuni hiyo ikaingia hospitali. Mwaka 1948 Waingereza walitangaza matokeo ya dawa mpya ya kifua kikuu, streptomaisini. Wagonjwa 107 waligawanywa kwa kura: 55 walipewa dawa na kupumzishwa kitandani, na 52 walipumzishwa tu, kwani dawa ilikuwa haba. Baada ya miezi 6 walikuwa wamekufa 4 kati ya wale 55, na 14 kati ya wale 52. Hapo hapakuhitajika ushuhuda wa mtu wala kelele za kipaza sauti.

Majani mengi, maganda machache

Lipo jambo la pili ambalo mkulima analijua. Maharage yaliyolishwa urea nyingi huvimba majani, yakawa ya kijani cha kupendeza, lakini maganda huwa machache. Anayepita barabarani husifu shamba. Mwenye shamba husubiri kupima debe. Katika tiba nako alama nzuri si mavuno, na ushahidi mkubwa kuliko wote ulitoka kwenye moyo.

Moyo hutoa umeme kidogo kila unapopiga. Mashine ya hospitali huuchora umeme huo kwenye karatasi, mstari wenye vilima na mabonde, na daktari anayejua kuusoma hugundua mengi. Miaka ya 1980 madaktari wa Marekani walijua kwamba mtu aliyenusurika shambulio la moyo, ambaye mchoro wake unaonyesha mapigo ya ziada yasiyo na mpangilio, yuko katika hatari zaidi ya kufa ghafla. Dawa za kuyatuliza mapigo hayo zilikuwepo. Wagonjwa walipewa, na mchoro ukanyooka. Karibu kila mtu aliamini maisha yanaokolewa.

Ndipo likafanyika jaribio la kura. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1991 yalihusu wagonjwa 1,498, wote wakiwa ni watu ambao dawa ilikuwa imeonekana kutuliza mapigo yao. Kati ya 755 waliopewa dawa za enkainaidi na flekainaidi, walikufa 63. Kati ya 743 waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani yake, walikufa 26. Mchoro ulikuwa umependeza, lakini watu walikufa zaidi ya mara mbili. Bila ile ploti isiyo na mbolea, yaani bila wale 743, dawa hizo zingeendelea kusifiwa.

Sasa fikiri. Ikiwa mashine halisi ya hospitali, iliyosomwa na madaktari bingwa, haikutosha peke yake kuthibitisha dawa, itakuwaje kwa mashine ya mnadani ambayo mwenyewe ndiye anayeuza dawa ya ugonjwa iliouona? Hiyo ni lumbesa ya afya. Tunapigana kila mwaka na mnunuzi anayetaka gunia lishonwe kilemba, kwa sababu yeye ndiye mwenye kipimo na yeye ndiye mwenye faida. Kwa nini tumkubali mwenzake aliyebeba vidonge?

Ukweli kuhusu chanjo ya mapafu

Tetesi za chanjo ya saratani ya mapafu zina chembe ya ukweli ndani yake. Cuba inayo, inaitwa CIMAvax-EGF. Lakini chanjo hii haimkingi mtu mzima asiugue, kama chanjo ya surua inavyomkinga mtoto. Hupewa mgonjwa ambaye saratani imekwisha kumwingia, ili mwili wake usaidie kuidhibiti. Katika jaribio la wagonjwa 405 ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2016, nusu ya waliochanjwa waliishi zaidi ya miezi 10.8, kwa wasiochanjwa ilikuwa miezi 8.9. Ni nyongeza ya takriban miezi 2. Kwa mgonjwa na watoto wake miezi 2 si kitu cha kudharau. Lakini si kupona, na anayeiuza kwa jina la kupona anauza kitu ambacho hata watafiti wake hawakukitangaza.

Nyingine zilianguka kabisa. Kampuni kubwa ya GSK ilijaribu chanjo yake kwa wagonjwa zaidi ya 2,200 waliokuwa wamefanyiwa upasuaji wa mapafu, na mwaka 2014 ikaachana nayo kwa sababu haikuzuia saratani kurudi. Habari zilizoenea Agosti 2024, za mgonjwa wa kwanza Uingereza kuchomwa chanjo ya BNT116, zilihusu hatua ya kwanza ya majaribio, ambayo kazi yake kubwa ni kuangalia usalama. Kwa lugha yetu, mbegu ilikuwa bado kwenye kitalu.

Hata hapa nchini yapo ya kujifunza. Bagamoyo na Korogwe zilikuwa miongoni mwa vituo 11 barani Afrika vilivyojaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kwa watoto zaidi ya 15,000 kati ya mwaka 2009 na 2014. Kwa watoto walioanza wakiwa na miezi 5 hadi 17 na kupata dozi 4, malaria ilipungua kwa asilimia 36 hivi. Haikuwa asilimia 100, na hakuna aliyedai hivyo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza itumike.

Karibu zaidi nasi ni Mbeya, kilometa zaidi ya 300 kutoka Sumbawanga. Ilikuwa miongoni mwa vituo vya jaribio la PrEPVacc la chanjo za kuzuia VVU, lililoanza mwaka 2020 kwa watu 1,512 wa Tanzania, Uganda na Afrika Kusini. Novemba 2023 sindano za chanjo zilisimamishwa, baada ya kamati huru inayofuatilia takwimu kuona hazina matumaini ya kuzuia maambukizi. Ikatangazwa hadharani. Mimi naheshimu tangazo hilo kuliko ushuhuda 100 wa mnadani, kwa sababu anayekubali kusema "imeshindikana" ndiye wa kuaminiwa siku atakaposema "imefaulu."

Tufanye nini?

Kwanza, kabla ya kutoa fedha uliza maswali manne. Nani walikosa dawa hii ili tulinganishe? Walihesabu nini, alama ya kwenye mashine au watu waliopona na waliokufa? Walikuwa wangapi? Na je, imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba? Asiyeweza kujibu, mwache aende na mzigo wake.

Pili, serikali za vijiji zisikubali muuza dawa asimamishe kipaza sauti gulioni kabla ya kuonyesha vibali. Vivyo hivyo wenzetu wa maduka ya pembejeo: faida ya chupa moja isikuharibie jina kwa mkulima anayekuja kwako kila msimu.

Tatu, maafisa ugani wasiache kamwe ploti isiyo na pembejeo mpya katika shamba darasa. Wapo wanaoiona ni kupoteza ardhi, kumbe ndiyo shule yenyewe. Mkulima aliyezoea kulinganisha ploti mbili hadanganyiki kirahisi kwenye mbegu, wala kwenye dawa.

Na mwenye kikohozi cha wiki mbili au zaidi asisubiri chanjo ya ng'ambo. Aende kituo cha afya apimwe kifua kikuu, ambacho dawa zake hutolewa bure nchini. Anayevuta sigara aache, kwa maana hiyo ndiyo sababu kubwa ya saratani ya mapafu duniani, na kuacha hakuhitaji kuuza ng'ombe hata mmoja.

Mwandishi wa makala haya ni mchumi wa kilimo.