Winchester Vitabuni, Gobore Uvunguni

Jamani waandishi vijana wa Mbeya na Iringa, hebu tuulizane ukweli leo. Ni nani kati yetu aliyewahi kushika Winchester? Sisemi kuiona kwenye video wala kwenye simu. Nasema kuishika, kitako kikakaa begani, uzito wake ukausikia. Hakuna. Haya, na ni nani kati yetu asiyejua kwamba babu, mjomba au jirani kule Idodi, Pawaga, Chunya au Usangu alikuwa na gobore? Hapo napo kimya, ila kimya hiki ni cha aina nyingine. Ni kimya cha aibu. Na mimi nasema aibu hiyo ndiyo inayoua hadithi zetu.

Chukua miswada tunayoazimana vijiweni. Mwindaji wetu anatoka Mwanjelwa au Miyomboni, kavaa kofia pana, anakoki bunduki kwa kuvuta ule mpini wa chini, kra-kra! Ganda linaruka, risasi nyingine inaingia, swala kumi wako chini kabla jamaa hajatema mate. Mshikaji wangu, huo si uwindaji wa Nyanda za Juu Kusini. Huo ni uwindaji wa vibanda vya video. Tuliurithi kwa John Wayne, ambaye mwaka 1939, katika filamu ya Stagecoach, aliizungusha Winchester kwa mkono mmoja na dunia ikapagawa. Waliotutangulia nao walikuwa na silaha yao: Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa walituzoesha bastola. Lakini wale ni watu wa kufukuzana na maadui mijini, bastola ilikuwa mahali pake. Sisi kisingizio chetu ni nini?

Na asije mtu akaniambia eti Winchester ni bunduki ya mabwana, gobore ni la washamba. Kutojua huko! Ile Winchester ya mwaka 1894, aliyoibuni John Browning, kwao Marekani ni bunduki ya mkulima. Ni nyepesi, ni fupi, inachomekwa pembeni ya tandiko la farasi, na inatosha kabisa kwa kulungu wa msituni anayepigwa kwa karibu. Zilitengenezwa zaidi ya milioni 7 mpaka kiwanda cha New Haven kilipofungwa mwaka 2006. Babu alimwachia baba, baba akamwachia mwana. Kwa kifupi, Winchester ndiyo gobore la Marekani! Wenzetu wamemchukua mkulima wao na bunduki yake, wakamtengenezea filamu, wakamwandikia vitabu, mpaka mtoto wa Sabasaba pale Mbeya anamjua. Sisi tumempokea mkulima wao kwa mikono miwili, wa kwetu tumemsukumia uvunguni pamoja na gobore lake.

Sasa sikilizeni hili, maana hapa ndipo penye nyama. Wengi wetu tunadhani gobore ni mila. Tunadhani mzee analishika kwa sababu ni mzee, hapendi mambo ya kisasa. Si kweli. Gobore ni sheria. Tarehe 2 Julai 1890 mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Pamoja na kupiga vita biashara ya watumwa, mkataba ule ulizuia bunduki za kisasa kuingizwa sehemu kubwa ya Afrika. Kilichoachiwa mlango ni magumegume ya mtutu laini na baruti ya kawaida. Yaani walikaa mezani, wakaamua Mwafrika abaki na bunduki ya karne iliyopita.

Kwa nini waliogopa? Muulize Zelewski. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, Wahehe wengi wao wakiwa na mikuki walikiangamiza kikosi chake, yeye mwenyewe akafia hapohapo, na bunduki za kisasa zikachukuliwa kwa mamia. Wajerumani walirudi, wakaivunja Kalenga Oktoba 1894, wakamsaka Mkwawa mpaka alipojipiga risasi tarehe 19 Julai 1898 asikamatwe hai. Katikati ya vita hivyo, mwaka 1896, Gavana Wissmann alitoa amri ya uwindaji: anayetaka kuwinda awe na kibali. Unaona ilivyopangwa? Bunduki nzuri huruhusiwi, na pori la babu yako sasa unaliingia kwa karatasi. Toka hapo likazaliwa jina jipya la mtu wa zamani. Alikuwa mwindaji, akaamka asubuhi ni mhalifu.

Mwaka 1909 alifika Kenya Theodore Roosevelt, ndiyo kwanza ametoka kwenye urais wa Marekani, na miongoni mwa silaha zake zilikuwamo Winchester za mfano wa 1895. Kwa hesabu aliyoichapisha mwenyewe, yeye na mwanawe Kermit waliangusha wanyama 512. Alikuwa na kibali, na wengi wa wanyama hao walipelekwa makumbusho, sawa. Lakini angalia jina: mwindaji mashuhuri. Mzee wa Pawaga akipiga nguruwe pori anayemalizia mahindi yake, jina lake nani? Jangili. Neno hilohilo tunalotumia kumtukana mtu katili asiye na huruma. Waandishi, maneno ndiyo kazi yetu! Kama sisi tunayapokea maneno bila kuyapima, nani atayapima?

Maana neno hilo si la mchezo. Mwezi Oktoba 2013 ilianza Operesheni Tokomeza. Lengo lilikuwa kuwamaliza majangili. Novemba ikasimamishwa, baada ya malalamiko ya watu kuteswa, kuuawa, mali zao kuharibiwa. Desemba Bunge likasomewa taarifa ya kamati yake, na mawaziri wanne wakaondoka. Mawaziri wanne! Hayo yote yalianza na neno moja kubandikwa watu wa aina nyingi: mwenye mtandao wa pembe, mfugaji aliyekosea mpaka, mzee mwenye gobore. Sasa wewe unayeandika hadithi ambamo kila mwanakijiji mwenye bunduki ni jangili na kila mgeni mwenye Winchester ni shujaa, unadhani uko nje ya habari hii?

Najua mtakayosema. Mtasema, "Huyu anatetea ujangili." Sitetei. Tembo wa nchi hii walikuwa zaidi ya 109,000 mwaka 2009. Kufika mwaka 2014 walibaki kama 43,000. Hilo ni janga, na ikolojia ya Ruaha na Rungwa hapa kwetu iliumia vibaya. Lakini tembo wale hawakumalizwa na njaa ya kitoweo. Pembe zina mnunuzi, zina gari, zina meli, zina mtu mjini anayepokea simu. Mwandishi anayemshika mzee wa gobore na kumwacha yule wa simu kafanya kazi ya polisi mvivu.

Wala sitetei gobore kama pambo. Gobore ni chuma kibaya. Mengine yametengenezwa kwa bomba la maji au chuma cha usukani wa Land Rover. Linaweza kupasuka mkononi, likakutoa kidole au jicho. Linajeruhi mnyama akaenda kufia mbali, nyama ikaoza. Ndiyo maana sheria ya silaha ya mwaka 2015 ipo, na ndiyo maana mwaka 2022 serikali ilitoa msamaha kwa atakayesalimisha silaha kwa hiari. Mzee akilipeleka gobore lake kituoni, vizuri. Ninachosema ni kwamba hadithi yake isisalimishwe pamoja nalo.

Na hadithi ipo, tena tamu kuliko ya John Wayne. Fikiri jinsi linavyopakiwa. Unamimina baruti mdomoni mwa mtutu. Unatia kitambaa, unashindilia. Unatia risasi, unashindilia tena. Unaweka fataki. Mvua ikinyesha umekwisha. Ukikosa, hakuna kra-kra. Mbogo anakuja, na wewe bado unatafuta pembe ya baruti. Kwa hiyo inabidi unyatie mpaka karibu kabisa, upepo uujue, subira uwe nayo, na ukifyatua uwe umeamua. Mwenye risasi kumi hahitaji kuamua lolote. Mwenye risasi moja kabeba maisha yake, watoto wake na kesi yake mahakamani katika kidole kimoja. Eti mnatafuta mvuto wa hadithi! Mvuto mnautaka wapi zaidi ya hapo?

Kisha kuna mengine mapya yanayongoja kalamu. Idodi na Pawaga vijiji viliungana katika jumuiya ya hifadhi ya MBOMIPA, wanyama wakawa mali yenye hesabu na vikao. Usangu liliingizwa katika Hifadhi ya Ruaha mwaka 2008, mipaka ikahama, watu nao wakahama. Mwaka 2020 zikatoka kanuni za mabucha ya nyamapori, hata asiye na bunduki aweze kununua kitoweo kihalali. Kijana anayemlinda mnyama akiwa askari wa kijiji, na babu yake aliyekuwa akimwinda, wanakula ugali sahani moja. Wanazungumza nini? Hilo swali tu ni riwaya.

Basi nasema hivi. Kwanza, acheni Winchester hadi mtakapokuwa na sababu ya kuileta. Pili, kabla hujaandika bunduki yoyote, jua inavyopakiwa, inavyokatalia, na nani alikatazwa kuwa nayo. Tatu, neno "jangili" lisitoke kwenye kalamu yako kabla hujajibu: kwa sheria ya nani, mwaka gani, na nyama au pembe ilikwenda wapi. Wazee wenye majibu wanaondoka mmoja mmoja, na hawatatungoja tumalize kuangalia video.

Anayebisha alete hadithi, tuisome kijiweni.