Mlima haujui shemeji

Mpenzi msomaji, kuna maneno mawili mafupi ambayo nusura yamfanye dada yangu mjane. Maneno yenyewe ni haya: "Niko sawa." Shemeji yangu aliyasema si chini ya mara tano tukiwa juu ya Mlima Elgon, na kila alipoyasema sisi tulimwamini. Leo nataka nikusimulie kisa hicho, maana likizo zikikaribia hukosi kusikia familia za hapa Kisumu zikipanga kwenda kuupanda mlima huo.

Najua kuna watakaocheka. Sisi watu wa ziwa tumezoea kuamini kwamba kutembea milimani siku nne huku umebeba hema na sufuria mgongoni ni mchezo wa Wazungu wasiokuwa na kazi. Mama yangu alipotuona tukifunga mizigo aliuliza, "Kwani mnahama, au kuna vita?" Tulicheka, tukaendelea kufunga.

Lakini Elgon si mbali kama unavyodhani. Ukiondoka Kisumu alfajiri, ukapanda Riat, ukapita Kakamega na Webuye hadi Kitale, kisha Endebess, utafika lango la Chorlim kabla ya jioni. Hilo ni lango la Mbuga ya Taifa ya Mlima Elgon, iliyotengwa mwaka 1968. Kilele ambacho wengi hukipanda kutoka upande wa Kenya ni Koitobos, chenye urefu wa mita 4,222. Kilicho kirefu kuliko vyote ni Wagagai, upande wa Uganda, mita 4,321. Wala mlima huo si wa wenyeji wake peke yao. Maji ya mto Koitobos huingia mto Nzoia, na Nzoia hupita Budalang'i na kumwagika katika ziwa letu.

Tulikuwa wanne kutoka Kisumu: mimi, ndugu yangu mdogo, shemeji aliyemuoa dada yetu, na mwanawe wa miaka 14. Shemeji ni mwalimu. Jioni hufundisha vijana kandanda, na asubuhi hukimbia hadi Dunga na kurudi kabla ya kuoga. Kama ungeuliza nani angeshindwa kwanza, wote wangenitaja mimi, mwandishi ninayeshinda kitini.

Langoni tulipewa kiongozi wa njia, mzee wa huko huko Elgon, pamoja na askari wa wanyamapori mwenye bunduki, kwa sababu msituni kuna ndovu na nyati. Mzee yule alitutazama, akauliza tumetoka wapi. Tulipomwambia ni Kisumu alisema, "Basi laleni hapa leo. Kesho tutatembea polepole, na kesho kutwa polepole vilevile."

Shemeji hakupendezwa. Alikuwa na siku nne tu za ruhusa kazini. "Barabara ipo na gari lipo," alisema. "Kwa nini tupoteze siku mbili kutembea mahali ambapo gari hufika?"

Mimi moyoni nilikubaliana na mzee. Lakini wewe msomaji unajua jinsi mambo yalivyo kwetu. Shemeji ni mtu wa kuheshimiwa. Hupingwi na mtu aliyemuoa dada yako ukamjibu mbele ya mtoto wake na mbele ya wageni. Nikanyamaza. Tukapanda gari hadi barabara inapoishia, mita 3,500 na zaidi, tukapiga hema. Gari likarudi chini.

Hebu fikiria jambo hilo. Chai ya asubuhi tuliinywa Kisumu, ambako ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Usiku tulilala zaidi ya mita 2,300 juu ya hapo, na tulizipanda zote tukiwa tumeketi.

Hatukupata usingizi. Baridi ilikuwa kali hata maji ya kwenye chupa yakaganda. Kichwa kiliniuma kama mtu anayekigonga kwa mchi. Usiku wa manane nilimsikia shemeji akitapika nyuma ya hema. Nilipomwita alijibu, "Ni omena, haikuiva vizuri. Niko sawa."

Asubuhi hakugusa uji. Alisema ana malaria kidogo, akameza vidonge viwili vya maumivu. Nani angembishia? Mtu wa Kisumu akiumwa kichwa na kutapika, jibu huwa tunalo kabla ya swali. Akauinua mzigo wake, uliokuwa mzito kuliko yetu yote, na ndugu yangu alipotaka kumpunguzia sufuria na mafuta ya stovu alikataa. "Niko sawa."

Tulianza kupanda kuelekea Koitobos, mwendo wa kama saa tatu. Kule juu kuna mimea ya ajabu, mirefu kuliko mtu, yenye vichwa kama kabichi kubwa. Majani yake yakikauka hayaanguki. Hubaki yamelivika shina kama kabuti kuzuia baridi ya usiku. Mimi nilikuwa nikiishangaa hiyo. Aliyekuwa akimwangalia baba yake ni yule kijana. Akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Mjomba, baba anatembea kama mlevi."

Nikageuka. Kamba ya buti la shemeji ilikuwa imefunguka, naye alikuwa ameinama akijaribu kuifunga. Alijaribu mara tatu. Vidole havikumtii. Aliposimama, aliyumba.

Mzee kiongozi hakuuliza lolote. Alichora mstari mchangani kwa fimbo yake, akamwambia shemeji atembee juu yake, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Hatua ya tatu akaangukia upande. "Tunashuka," mzee akasema.

Shemeji alikasirika. Kilele tulikuwa tukikiona kwa macho. Alisema atapumzika dakika kumi kisha tuendelee, na kwamba hawezi kurudishwa kama mtoto wa shule. Ndugu yangu alinitazama. Hapo, mpenzi msomaji, ndipo nilipolazimika kufanya jambo ambalo lugha ya nyumbani kwetu haijanifundisha. Nilimwambia, "Shemeji, nisamehe. Vua huo mzigo. Tunashuka sasa hivi." Alinitazama kwa muda, kisha akauvua.

Tulimshika, askari upande mmoja na ndugu yangu upande wa pili, tukarudi hadi kambini na kupita bila kusimama. Askari aliita gari kwa redio, lakini hatukulingoja. Tuliendelea kushuka barabarani kwa miguu mpaka likatukuta kwenye mianzi. Lango la Chorlim tulilifikia giza likiingia. Saa mbili usiku shemeji aliomba chai, akauliza leo ni siku gani, na alipoambiwa akasema, "Lo! Nilidhani ni jana."

Tulipofika nyumbani dada yangu alitusikiliza hadi mwisho. Hakumgombeza mumewe. Alitugeukia sisi ndugu zake wawili, akasema: "Nyinyi mlikuwa mnamheshimu, au mlikuwa mnamzika?"

Swali hilo sikuwa na jibu lake.

Sasa nikueleze kilichompata, ili wewe usije ukasingizia omena. Kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyopungua uzito. Karibu na kilele cha Koitobos, kila pumzi unayovuta ina kama asilimia 60 tu ya hewa safi ambayo ungeivuta Mombasa. Mwili unaweza kuzoea hali hiyo, lakini unahitaji siku kadhaa. Ukiuharakisha, kuanzia kama mita 2,500 kwenda juu, waweza kupata ugonjwa wa mwinuko: kichwa kuuma, kichefuchefu, uchovu na kukosa usingizi. Ukiendelea kupanda katika hali hiyo, ubongo unaweza kuvimba, nawe ukaanza kuyumba na kusema yasiyoeleweka. Au maji yakajaa mapafuni, ukakohoa na kutweta hata ukiwa umeketi. Yote mawili huua, na yanaweza kuua kwa muda wa saa chache. Dawa ya kwanza ni kushuka mara moja, hata kama ni usiku.

Ugonjwa huu hauchagui wanyonge. Mapafu ya mkimbiaji hayamkingi. Tena mwenye nguvu yumo hatarini zaidi kwa njia moja: yeye huweza kwenda mbio na huona haya kusema anaumwa. Kule juu, kichwa kikikuuma, amini kwamba ni mwinuko mpaka ithibitike vinginevyo. Na kwa kuwa sisi tunatoka penye mbu, malaria nayo waweza kupanda nayo kutoka nyumbani. Hata hivyo hatua ni ile ile: shuka kwanza, kisha upimwe damu hospitalini.

Mwaka uliofuata tulirudi. Aliyetaka turudi alikuwa shemeji mwenyewe, na safari hii aliomba ruhusa ya juma zima. Tulilala langoni siku ya kwanza, tukapata nafasi ya kwenda kuliona pango la Kitum, ambako ndovu huingia gizani usiku kuchimba chumvi ukutani kwa pembe zao. Tulilitazama kutoka mlangoni tu. Mwaka 1980, na tena mwaka 1987, watu waliokuwa wamelizuru pango hilo walipatwa na ugonjwa hatari wa Marburg, na virusi vyake hukaa katika popo. Kijana alitaka kuingia ndani. Baba yake alikataa.

Kutoka hapo tulitembea. Siku ya kwanza ilikuwa msitu wa podo na mitarakwa, siku ya pili mianzi na nyasi. Jioni ya siku hiyo, hema hazijapigwa, shemeji aliketi juu ya mzigo wake akasema mbele ya wote, "Jamani, kichwa kinaniuma." Hakuna aliyecheka. Tulilala pale pale siku mbili. Tukanywa chai, tukacheza karata, na kichwa kikapona.

Siku ya kilele tuliondoka saa kumi na moja alfajiri. Koitobos tuliifikia wote wanne. Ndani ya mlima kuna bonde kubwa la volkeno iliyozimika zamani, upana wake kama kilomita nane. Humo kuna chemchemi za maji ya moto, na humo ndimo mto Suam unamotokea kwenye mwanya wa mawe upande wa mashariki. Mzee alituonyesha: maji ya Suam huwa mto Turkwel na kwenda Ziwa Turkana, na maji ya nyuma yetu huenda Nzoia, yaani kwetu. Yule kijana alimwaga maji yaliyobaki kwenye chupa yake upande wa Nzoia, akasema yatamtangulia nyumbani.

Kama nawe unapanga safari, yazingatie machache haya. Nenda Disemba hadi Februari, majira ya ukavu. Mwezi mmoja kabla, panda Riat kwa miguu mara mbili kwa wiki ukiwa na mzigo mgongoni, na mzigo huo usizidi robo ya uzito wako. Acha nguo za jinzi. Zikilowa hazikauki na zitakugandisha. Beba sweta la sufu, kofia, glavu na koti la mvua. Maharagwe yaache nyumbani, kwa maana kule juu maji huchemka kabla hayajawa moto wa kutosha, nawe utamaliza mafuta ya stovu na maharagwe bado ni mawe. Omena iliyokwisha kukaangwa, njugu, sukari guru na uji vitakutosha. Kunywa lita tatu za maji kwa siku au zaidi. Ukishapita mita 3,000, usilale zaidi ya mita 500 juu ya ulipolala jana. Takataka zako rudi nazo.

La mwisho halihitaji pesa. Kabla hamjaondoka nyumbani, ketini pamoja mkubaliane kwamba kule juu hakuna mkubwa wala mdogo, na kwamba mtoto akiona baba anayumba ana ruhusa ya kusema. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Dada yangu naye siku hizi ana desturi yake. Mumewe akimjibu kwamba yuko sawa, humwambia, "Funga kamba ya kiatu nione."

Tuonane Jumapili ijayo.