The Hague Ruksa, Songea Marufuku

Mjadala wa viongozi wastaafu ukianza tu, lazima atokee mtu wa kusema, "Wapelekwe The Hague." Inasemwa kirahisi, kana kwamba The Hague ni kituo kinachofuata ukishapita Mbamba Bay. Mimi napinga. Kiongozi aliyeua watu wake ashtakiwe kwao kwanza, kwa lugha ya waliofiwa. Mahakama ya nje iwe akiba.

Sisi wa Kingerikiti hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Ng'ambo ya ziwa ni Malawi. Wapenzi wa ushairi mnamjua Jack Mapanje, aliyekamatwa 1987 akakaa gereza la Mikuyu hadi 1991. Hakusomewa shtaka, hakuona hakimu. Orton na Vera Chirwa, wanasheria wote wawili, wao waliiona mahakama, ila ilikuwa ile iliyoitwa ya jadi, na wakili wa kuwatetea walinyimwa. Wakahukumiwa kifo 1983, baadaye ikawa kifungo cha maisha. Orton alifia gerezani 1992. Mwaka huohuo wa 1983, mawaziri watatu, Dick Matenje, Aaron Gadama na Twaibu Sangala, pamoja na mbunge David Chiwanga, waliuawa Mwanza (ya Malawi, si yetu). Serikali ikatangaza kuwa ni ajali ya gari.

Kamuzu Banda akashindwa uchaguzi wa 1994. Mwaka uliofuata akashtakiwa kwa mauaji hayo, nchini mwake. Desemba 1995 akaachiwa huru. Hapo ndipo wenzangu wa The Hague wananirukia: "Si unaona? Mahakama za nyumbani bure tu!"

Jamani, tuliangalie vizuri. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai inahukumu makosa yaliyotendeka kuanzia Julai 2002. Kwa wafu wa 1983 haina mlango. Na hata ingekuwapo, kazi yake ni mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya ubinadamu, uhalifu wa kivita na uvamizi. Watu wanne kuuawa, kisha ikasingiziwa ajali, hilo kwa kawaida ni kosa la mauaji, ambalo kila nchi inalo kwenye sheria zake. Na madhambi mengi ya watawala wetu ni ya namna hiyo: huyu katoweka, yule kafungwa bila kesi. Mjane wa mtu mmoja akienda The Hague hana hata foleni ya kupanga.

Kesi ya Kamuzu ilianguka kwa sababu ilikuja baada ya miaka 12, na upande wa mashtaka haukuwa na ushahidi wa moja kwa moja kwamba amri ilitoka kwake. Majaji wa Uholanzi wangekutana na pengo hilohilo. Lakini kabla ya kesi, tume ya Wamalawi wenyewe ilichunguza ikasema wazi kwamba waliouawa waliuawa na polisi. Uongo wa ajali ulifia hapo, nyumbani.

Sikatai kwamba akiba inahitajika. Rwanda ya baada ya 1994 mahakama zake zilikuwa magofu, na ni Arusha kwetu ambako Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu wakati wa mauaji ya kimbari, alipewa kifungo cha maisha 1998. Lakini Kenya walikuwa na mahakama, majaji na mawakili. Februari 2009 Bunge lao likakataa mswada wa mahakama maalumu ya kuhukumu ghasia za uchaguzi, wengine wakidai Hague ndiyo dawa. Desemba 2010 majina ya washukiwa sita yakatajwa, na mwezi huohuo Bunge likataka nchi ijitoe! Kesi ya Uhuru Kenyatta ikaondolewa 2014, ya William Ruto ikafutwa 2016. Watu zaidi ya 1,100 waliokufa wamebaki bila jibu.

Sasa sisi. Ibara ya 46(3) ya Katiba yetu inapiga marufuku kumshtaki Rais aliyestaafu, kwa jinai au madai, kwa jambo alilofanya kama Rais. Anayeachwa nje ya kinga hiyo ni yule tu aliyeondolewa na Bunge, tena kwa theluthi mbili ya wabunge wote. Wakati huohuo, mwaka 2002 tuliridhia Mkataba wa Roma, usiojali cheo cha mtu. Yaani, kwa maandishi yetu wenyewe, Rais mstaafu wa Tanzania anaweza kusimamishwa kizimbani Uholanzi, ila Mahakama Kuu pale Songea haiwezi hata kupokea faili lake. Tumemwamini jaji Mzungu kuliko wa kwetu, kisha tunalalamika kwamba The Hague ni ya kikoloni.

Hiyo kinga haimlindi Rais mwema. Mwema ana ushahidi wake na mawakili wake. Inamlinda yule atakayekuja siku moja, ambaye bado hatumjui. Katiba mpya ikirudi mezani, ibara ndogo hiyo ifutwe, na ifutwe kabla hatujawa na maiti za kuhesabu. Malawi walisubiri miaka 12, na ushahidi haukuwasubiri.