Makisio ya Fundi Yafike Kama Yalivyotumwa

Wana wa Usangi wengi waishio Dar es Salaam, Arusha na kwingineko hujenga nyumba kwao kwa njia ya simu. Fundi huandaa makisio ya gharama, huyatuma, na fedha huja. Siku hizi makisio hayo huchapwa dukani na kutumwa kama faili la Word, ambalo kila alipokeaye aweza kuandika humo apendavyo. Tuseme fundi ameandika shilingi 6,000,000. Msimamizi aliye katikati, mara nyingi ndugu, akafuta 6 akaweka 8, kisha akalipeleka mbele. Siku mteja atakapogundua, jina litakaloharibika ni la fundi, kwani ndilo lililo chini ya hati.

Wazee waliijua hatari hii. Katika hati ya mauzo ya shamba, bei iliandikwa kwa tarakimu na kwa maneno, na nakala ya kaboni ikabaki. Aliyefuta neno alitia sahihi pembeni.

Wako wanaodhani kwamba kugeuza faili kuwa PDF na kulifunga kwa neno la siri lisihaririwe kwatosha. Hatukubaliani nao. Kufuli hilo, maadamu hati yasomeka, huondolewa kwa programu za bure. Na lisipoondolewa, mwenye nia mbaya huchapa hati yote upya. Sahihi ya kidijiti ina nguvu zaidi: haimzuii mtu kubadili, bali humfichua, kwa kuwa herufi moja ikiguswa, programu ya kuihakiki huonyesha. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaitambua sahihi ya kielektroniki, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka huohuo inakataza kughushi kwa kompyuta.

Hata hivyo hatutarajii kila mwashi atafute cheti cha sahihi hiyo. Risiti ya EFD yaonyesha njia nyepesi: ina namba ya uhakiki, na mwenye shaka huiuliza Mamlaka ya Mapato yenyewe, haiulizi karatasi. Vivyo hivyo fundi atume PDF moja kwa moja kwa mwenye fedha, abaki na nakala yake, kisha ampigie simu amtajie jumla kwa mdomo. Tunajua kwamba kumruka ndugu huonekana kama kumshuku. Kwa hiyo mteja mwenyewe na autangaze utaratibu huo kabla msingi haujachimbwa. Wenye maduka ya uchapaji nao wasimkabidhi msimamizi faili la fundi kwa sababu tu amekuja kulichukua.