UTAMU SI SUKARI

Siku hizi madukani kuna vitu vitamu ambavyo utamu wake hautoki katika muwa. Kuna soda zilizoandikwa kuwa hazina sukari. Kuna vipakiti vya unga wa juisi. Vingine vina sukari, vingine havina. Kuna pia vidonge vidogo vya kutia katika chai, ambavyo wagonjwa wa kisukari hununua. Utamu huo umetengenezwa kiwandani. Tunauita sukari bandia.

Wananchi wanabishana juu ya jambo hili. Wengine wanasema sukari bandia ni sumu, inaleta saratani. Wengine wanasema haina neno, basi tuinywe na tuwape watoto. Mimi nasema wote hawa wanasahau hatari iliyo karibu zaidi. Hatari hiyo ni kutumia sukari bandia mahali ambapo mwili unahitaji sukari yenyewe.

Ilitoka wapi?

Sukari bandia ya zamani zaidi inaitwa sakarini. Iligunduliwa mwaka 1879 katika mji wa Baltimore, Marekani. Mtaalamu aitwaye Constantin Fahlberg alikuwa akichunguza vitu vinavyotokana na lami ya makaa ya mawe. Siku moja alipokula aliona chakula chake ni kitamu mno. Kumbe utamu ulikuwa mikononi mwake.

Sakarini ni tamu kuliko sukari kwa karibu mara 300. Chembe kidogo tu hutosha kikombe kizima. Lakini haina nguvu ya chakula. Inapita mwilini na kutoka katika mkojo. Ulimi unadanganyika, lakini mwili haupati kitu.

Je, ni sumu?

Hofu ya saratani ina asili yake. Katika miaka ya 1970 panya walilishwa sakarini nyingi sana. Baadhi yao walipata saratani ya kibofu cha mkojo. Mwaka 1977 Marekani iliamuru pakiti ziandikwe onyo. Baadaye wataalamu waliona kwamba jambo lile lilitokana na maumbile ya panya, wala halitokei hivyo kwa binadamu. Mwaka 2000 amri ya onyo iliondolewa.

Sukari bandia nyingine ni aspatamu. Mwaka 2023 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani. Walisema pia kwamba ushahidi uliopo ni mdogo. Mwaka huo huo wataalamu wengine, wanaopima usalama wa vyakula, hawakubadili kipimo cha zamani. Kipimo hicho ni miligramu 40 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Mtu mwenye kilo 60 asizidishe miligramu 2,400 kwa siku. Kopo moja la soda ya aspatamu huwa na miligramu kama 200 au 300. Basi mtu mzima anayekunywa kopo moja yuko mbali na kipimo hicho.

Kwa hiyo si haki kuiita sumu. Lakini kutokuwa sumu si sawa na kuwa chakula, wala si sawa na kuwa dawa.

Mahali pa kuwa na hadhari

Kwanza, mtoto anayeharisha. Wazazi wengi wanajua kuchanganya maji ya chumvi na sukari. Vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, visivyojaa kilima, katika lita 1 ya maji safi. Sukari ile si ya kumfurahisha mtoto. Katika utumbo, sukari ndiyo inayosaidia chumvi na maji kuingia mwilini. Sukari bandia haifanyi kazi hiyo. Ukiitia badala ya sukari, mtoto ataonja utamu, lakini maji yataendelea kumpungukia. Anaweza kufa. Iliyo bora ni pakiti ya ORS kutoka zahanati. Mpe hiyo, mwendelee kumnyonyesha, na umpeleke kwa mganga.

Pili, mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari. Vidonge vya utamu vinamfaa katika chai yake ya kila siku. Lakini pengine sukari ya damu yake hushuka mno. Utamwona anatoka jasho, anatetemeka, anasikia njaa ya ghafla, au anasema maneno yasiyoeleweka. Hapo usimpe chai ya vidonge wala soda isiyo na sukari. Mpe vijiko vya chai 3 au 4 vya sukari ya kweli katika maji, halafu ale chakula. Kama hajapata nafuu baada ya dakika 15, mpe tena. Kama amezimia, usimtie kitu kinywani. Mkimbizeni hospitali. Nyumba yenye mgonjwa huyu iwe na sukari kidogo siku zote.

Tatu, mtoto mdogo. Maji matamu ya rangi hujaza tumbo, lakini hayajengi mwili. Aliyeshiba maji hayo hataki uji wala maziwa. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba watoto chini ya miaka 2 wasipewe vinywaji vyenye sukari wala vyenye sukari bandia. Mpe uji wenye karanga au maziwa, na tunda lililoiva.

Nne, mtu anayetaka kupunguza unene. Mwaka 2023 Shirika hilo lilishauri watu wasitegemee sukari bandia kwa kazi hiyo, kwa kuwa haikuonekana kuwasaidia kwa muda mrefu. Ushauri huo hauwahusu wale ambao tayari wana kisukari. Mimi naona ni heri kuzoea chai yenye sukari kidogo, mpaka ulimi uache kudai utamu mwingi.

Soma pakiti

Ndugu msomaji, kusoma ni silaha. Ukinunua kinywaji, geuza pakiti utazame maandishi madogo. Jina likikushinda, tafuta namba. 951 ni aspatamu. 952 ni siklamati. 954 ni sakarini. 955 ni sukralosi. Ukiziona, ujue kwamba utamu huo, wote au sehemu yake, si wa sukari.

Kwa maoni yangu, mwenye kiwanda angeandika jambo hili kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa. Mwenye duka naye amwambie ukweli mama anayetaka sukari kwa ajili ya mtoto anayeharisha. Mnunuzi ana haki ya kujua anachonunua.

Wazee walisema, si kila king'aacho ni dhahabu. Nasi tuseme, si kila kitamu ni sukari. Msomee jirani yako ambaye bado hajajifunza kusoma.